Firigisi Yako Ameila Vumilia

Humphrey mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Huku mtaani Husby baridi imeanza, goti linauma. Anayeandika ni mjukuu wangu Vumilia. Mimi nasema tu, shule sikuiona.

Mwaka jana Vumilia alikosa mpira wa mwisho kwenye fainali ya besiboli, nawe ukatangaza kanisani: "Huyu hodari wa siku ndogo, siku kubwa hana moyo." Mtoto alilia, akataka kuacha mchezo.

Juzi fainali tena, mpira wa mwisho tena. Kaupiga ukaruka uzio! Sasa nasikia unasema eti amepata moyo wa siku kubwa. Koma! Mtoto ni yuleyule, mkono uleule. Mpira mmoja hukubali, mwingine hukataa. Harusini kwako pilau yangu iliungua. Mbona hukusema sina moyo wa harusi? Ulikula, ukaomba na ukoko.

Nimepika kuku wa ushindi. Firigisi, ambayo siku zote nakuwekea wewe mwanamume mkubwa wa ukoo, nimempa Vumilia mbele ya wageni wote. Kuanzia leo ni yake, apige au akose. Wewe njoo, shingo ipo.

Tusi langu amekataa kuliandika. Lijaze mwenyewe.

Dada yako akupendaye,
Agripina