Jira Iliyoungua

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko kwenye baridi? Mgongo unaendeleaje, na yale mabuti uliyosema yanavuja umeshayabadilisha? Wifi masomo yake ya jioni yamefika wapi? Na mwanangu mwenye pengo, jino limeota? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila mkanda wake umeanza kulia kama paka. Habari za Mama zinakuja, usiruke mistari.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu Mama anakuwa pembeni, na masikio yake hayajaugua hata siku moja. Halafu kila nikikuuliza maswali matatu unaniambia, "Polisi, niko kazini." Basi leo Polisi anaandika ripoti kamili.

Kwanza uniwie radhi. Mwezi uliopita nilipokupigia kukuuliza unavyotengeneza raita, nilisema Mama ana hamu nayo tu. Nilikuficha. Zile dawa anazotundikiwa zilimtoa vidonda mdomoni mpaka kooni, akawa hali kitu. Uji anausukuma, supu anasema inamchoma, ndizi ya kuponda anaitazama kama vile imemtukana. Alishuka mpaka kilo arobaini na tatu. Daktari akaniita pembeni, akaniambia zikipungua chini ya arobaini na mbili itabidi dawa zisimamishwe, na ugonjwa wenyewe hausubiri mtu. Mama akanikataza kukuambia, usije ukaacha kazi ukapanda ndege kwa ajili ya kijiko cha uji. Nikatii, lakini nilikuwa naogopa sana, Kaka.

Muuguzi alisema tumpe chochote kilicho baridi na laini. Nikamuuliza Mama anataka nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Ile ya mwanangu. Ya mtindi na matango." Nikajua kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Bakuli lako lilikuwa la Mama peke yake, mimi sikuwahi kuionja. Na wewe ulinielekezaje? "Mtindi, tango, chumvi, jira ya kukaanga. Ukionja utajua." Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniambia nikate tu kitambaa, akivaa tutajua, namrudishia kitambaa chake.

Siku ya kwanza nililikwaruza tango zima na mbegu zake, nikalimwaga kwenye mtindi, nikaweka kwenye friji. Mama alipoamka nikakuta maji yanaelea juu na mtindi umezama. Akaonja ncha ya kijiko. "Siyo," akasema, akageukia ukutani.

Nikaenda kwa yule mama muuza viungo wa pale kona. Kwao raita ilikuwa mezani kila siku, na mama yake hakukubali mtu mwingine aiguse. Nilimbana kwa maswali mpaka akafunga droo ya hela akakaa chini. Tango, akanieleza, linatolewa mbegu, linanyunyiziwa chumvi, linaachwa litoe maji yake, kisha linakamuliwa kwenye kitambaa safi. Mtindi unapigwa kwa uma mpaka ulainike. Jira inakaangwa kikavu, bila tone la mafuta. "Ikinukia tu, epua. Ikipita hapo inakuwa chungu, umeshaharibu."

Nikafanya hivyo hivyo. Ilitoka nyeupe, nzito, baridi, na mimi mwenyewe nilitamani kumaliza bakuli. Mama akala vijiko vitatu. "Nzuri," akasema. "Lakini siyo."

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Nikatoa daftari langu la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa nikaandika jina lako juu. Nikajaribu na nanaa. Siyo. Nikajaribu na majani ya giligilani, na sukari kidogo, na mtindi uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa. Siyo, siyo, siyo. Nikafikiri labda ni chombo, nikalifufua lile bakuli lako la buluu lenye ufa. Mama akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Mwisho nikamuuliza bila kuzunguka kama anachotaka ni raita au ni wewe mwenyewe. "Naye namtaka," akanijibu, "lakini sasa hivi tunaongea chakula."

Jumatano nilikuwa na jira kwenye kikaango. Mwenye duka la vioo akapanda kujaribu gauni lake, zipu ikakwama katikati ya mgongo, akaanza kupiga kelele kwamba nimemfungia humo. Mpaka namkwamua, jikoni kumejaa moshi na jira imekuwa nyeusi kama sisimizi. Nikashika kikaango nikamwage.

Nikasikia kandambili. Mama, ambaye siku tisa alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa mkono, amesimama mlangoni mwa jikoni, ameushikilia mlango.

"Kaka yako amefika?"

Nikamwambia hujafika, ni mimi nimeunguza jira. Akasogea pole pole, akakitazama kikaango, akakaa kwenye kile kiti chako kifupi. "Hiyo hiyo," akasema. "Twanga."

Nikatwanga, nikachanganya, nikampa. Alikula bakuli zima, Kaka, akakwangua na pembeni. Mimi nilikuwa nimegeukia sinki nikijifanya naosha kinu, nalia.

Alipomaliza nikamhoji, na akakiri yote. Ile siku ya kwanza ulipotoka kuosha vyombo kwenye ule mkahawa wa Kihindi, umejaa furaha ya kuonyesha ulichowaibia wapishi kwa macho, uliongea sana huku umeligeuzia jiko mgongo. Jira ikaungua na wewe huna habari. Ukamwekea mezani, ukasimama unamtazama usoni. "Ningesemaje?" akaniuliza. Akasema tamu. Na kwa kuwa hujawahi kupika ukafunga mdomo, umeiunguza kila mara kwa miaka kumi na moja. Mwanzoni alikuwa anameza kwa ajili yako. Baadaye ulimi ukazoea, na mazoea yana taabu, ile ya watu wengine ikawa haimpandi tena.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, nimemaliza mtindi wa mtaa mzima. Akasema, "Ningekuambia ungemcheka." Na kweli nimekucheka mpaka mbavu zikauma. Sasa jibu maswali ya Polisi: ulikuwa unajua? Wifi naye unampikia hivyo hivyo? Na yeye anasema tamu?

Nimeshapata kipimo. Moshi wa kwanza ukitoka nahesabu mpaka arobaini, naepua. Nikiishia thelathini Mama anasema bado, nikifika hamsini ni mkaa. Muuza viungo nilipompa habari alifumba macho kama aliyepokea taarifa ya msiba. Nikampelekea kidogo kwenye kopo. Kijiko cha pili alichota mwenyewe.

Ijumaa tulikwenda kupima. Kilo arobaini na tatu na nusu. Daktari kasema dawa ziendelee. Anakula mara mbili kwa siku, na jana aliomba nimpondee kiazi ndani yake. Bado ni mdhaifu, sitaki nikudanganye tena, lakini anakula.

Mjomba anakusalimu, anasema redio uliyomtengenezea inakamata stesheni moja tu na haipendi. Mwenye duka la vioo anakusalimu pia, gauni lilimkaa. Mbusu mwanangu kwenye pengo lake, na Wifi mwambie namwombea mitihani. Mungu akufunike huko ugenini, akupe afya na mgongo ulionyooka, na atukutanishe wote tukiwa hai.

Wako akupendaye daima,
dada yako, Polisi.

N.B. Nilikuwa nimeshakunja barua hii. Mama akaniambia nimsomee. Nikamsomea yote, hata yale aliyonikataza. Hakugomba. Amenyoosha mkono, ameomba kalamu:

Mwanangu, dada yako anaunguza kwa kuhesabu. Njoo uunguze mwenyewe. Mama.