Ndoo ya Upupu ya Mama

Odense, 5 Juni 1994

Dada Ingelise,

Hujambo huko kisiwani? Mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, ukiacha tumbo, ambalo siku hizi hufika kila mahali kabla yangu. Najua simu utanikatia, kama unavyonikatia tangu tumzike Mama mwezi wa Machi. Basi naandika. Barua angalau utaisoma kabla ya kuichana.

Nina shida. Vyungu kumi na vinne vya Mama bado viko roshani, nyanya na matango, na ile ndoo yake ya mbolea ya maji. Nilivaa glavu zake nikaenda kando ya reli kukata upupu, nikauloweka wiki mbili, nikazimwagia nyanya kama mtu anayepakua supu. Sasa majani yameungua kingoni kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Bi Thyra wa ghorofa ya chini akalalamikia harufu, nikaufunga mfuniko kwa nguvu zangu zote. Jumapili ukaruka. Alikuwa ameanika mashuka.

Akapanda ngazi hadi mlangoni. "Preben, mama yako alininukia miaka kumi, lakini hakuwahi kunirushia!"

Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda naye kukata tulipokuwa wadogo. Nisaidie. Nyanya zake zikinifia mikononi, nitamweleza nini?

Mdogo wako,
Preben

Marstal, 13 Juni 1994

Preben,

Salamu zimefika. Mgongo unauma, asante, wala usijifanye daktari.

Hamsini na tatu umetimiza, na bado unamwaga kwanza ndipo unauliza. Kikombe kimoja cha upupu, vikombe kumi vya maji. Kwa miche midogo, ishirini. Mwagia udongo, tena uliokwisha kulowa, si majani. Mfuniko usiukaze, kile kitu kinapumua. Weka gunia juu, basi. Koroga kila siku mpaka povu liishe. Na ukate kabla ya mioto ya sikukuu ya Sankt Hans, tarehe ishirini na tatu, upupu haujatoa mbegu, la sivyo utavuna upupu kwenye kila chungu.

Nimejibu kwa ajili ya nyanya. Si kwa ajili yako. Uliniita mwili wa Mama umeshapoa. Na lile swali nililokuuliza makaburini hujalijibu mpaka leo: aliniulizia?

Dada yako, kwa mujibu wa vitabu vya kanisa,
Ingelise

Odense, 26 Juni 1994

Dada mpendwa,

Natumai mgongo umepoa. Mimi mzima, nyanya pia. Kikombe kimoja kwa kumi, na majani mapya yametoka mabichi kabisa. Nimekusifu mbele ya Bi Thyra, naye akasema kumbe kuna mwenye akili katika ukoo.

Kuhusu swali lako: hapana, hakuulizia mtu. Alilala tu.

Sasa usinicheke. Ndoo naikoroga asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Jumatano nilirudi mapema, nikachemsha kahawa. Saa tisa kamili nikasikia mpini wa ufagio ukikwaruza ndoo, taratibu, mara tatu na kupumzika, mara tatu na kupumzika. Unajua ni nani aliyekoroga hivyo. Nikatoka roshani na kikombe mkononi, mwanamume mzima, nikinyata. Hapakuwa na mtu. Povu lilikuwa bado linazunguka.

Nikajiambia ni uzee. Lakini jana Bi Thyra alinisimamisha kwenye ngazi: "Hongera, Preben! Umepata mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Huyo anayekukorogea kila siku saa tisa, wewe ukiwa kazini."

Mdogo wako,
Preben

Marstal, 2 Julai 1994

Preben,

Mimi mzima. Sikucheka.

Mama hakuwa mtu wa kwenda kwa watu bila sababu. Hata kahawa alikunywa kwake. Kama anatoka kaburini kuja kukoroga ndoo yako, kuna kitu anakisubiri. Ulimfanya nini?

Ingelise, dada yako

Odense, 10 Julai 1994

Dada,

Leo sina utani. Afya ipo.

Nilikudanganya. Alikuulizia. Alhamisi ile ya mwisho, tangu mchana. "Ingelise yuko njiani?" Nikasema, "Yuko kwenye feri, Mama." Sikuwa nimekupigia. Akauliza tena, nikasema feri imechelewa, kuna upepo. Akakataa kulala. Akanituma nimletee sweta yake ya buluu, ile ya wageni, akaivaa, akakaa kwenye kiti akiutazama mlango. Alifia hapo, Ingelise, amekaa wima, anakusubiri. Ndipo nikapiga simu.

Unataka kujua kwa nini. Miaka minane nilimpikia uji, nikamkata kucha, naye akinungunika. Wewe ukija siku mbili kwa mwaka, anachana nywele na kuimba. Nilitaka jioni moja awe wangu tu. Nilidhani kesho ipo.

Hivi ninavyoandika, anakoroga. Leo hapumziki.

Mdogo wako,
Preben

Odense, 21 Agosti 1994

Dada,

Wiki sita bila neno. Sikulaumu. Natumai u mzima.

Nyanya zimeiva zote kwa pamoja, nyekundu mpaka zinapasuka. Nimempa Bi Thyra ndoo nzima kufidia mashuka. Mimi sijaonja hata moja.

Kukoroga kumekoma. Jumatano ile ya baada ya barua yangu nilisikia; Alhamisi, kimya, na kimya mpaka leo. Nilikuwa nikiogopa ile sauti. Sasa kila siku naomba ruhusa kazini, saa tisa niwe nimekaa hapa nasikiliza. Dada, ameridhika, au amenisusa? Niruhusu nije kwako, hata siku moja.

Preben, mdogo wako

Marstal, 2 Septemba 1994

Preben,

Mimi mzima.

Barua yako niliisoma Alhamisi hiyo, tarehe kumi na nne Julai, jikoni. Ilipofika saa tisa nikasikia kukwaruza uani. Mara tatu na kupumzika. Mimi sina ndoo, Preben, sina hata chungu kimoja.

Kesho yake nilinunua ndoo, nikaenda kukata upupu, wenye mbegu na kila kitu, sikujali. Nikamtolea kiti. Nikamweleza kwamba sikujua, kwamba sikuitwa. Siku ile alikoroga mpaka giza likaingia.

Sijakusamehe. Labda iko siku. Lakini usije, na usimwite huko. Wewe ulikaa naye miaka minane. Sasa niachie mimi.

Dada yako,
Ingelise