Sahani Chini ya Kawa

Salma mwanangu,

Nnakuandikia kutoka Al Amerat, kwa khalati yako Zuwena, bado anamkalia mumewe eda. Asubuhi imeanguka mvua ya mawe, ua wote mweupe kama umemwagiwa chumvi. Njia ya mlimani imefungwa, basi wanawe waliokuwa wakienda kazini Matrah wamerudi. Nyumba ikachangamka! Khalati yako kapika wali wa nazi kwa papa, na kucheka kacheka. Tulipokaa kula, akapakua sahani moja pembeni, akaifunika kawa. “Ya baba yenu hii. Mvua imemkamata njiani.”

Mwenyewe akakumbuka, mkono bado uko juu ya kawa.

Baba yako akirudi kazini leo, mpakulie wewe, ukae naye mpaka amalize.

Mama yako