Viatu vya Mwende

Kaka Kioko,

Huku tu wazima, isipokuwa Mwende. Mvua haijakatika tangu Jumatatu na nguo hazikauki.

Mzigo wako niliuchukua kwenye ofisi ya mabasi, Mwembe Tayari. Nani alikuomba viatu vya kuchezea baleti kwa ncha za vidole? Mwanangu ana miaka kumi. Kila mwezi mwalimu wake wa baleti, Purity, humpima kama yuko tayari kuvivaa: asimame kwa mguu mmoja, ainue kisigino mara ishirini bila kuyumba. Mwende alifika kumi na moja. Mwalimu akasema, "Bado, mifupa haijakomaa." Nawe ukamwambia mtoto kwenye simu kwamba mwalimu ana wivu. Wewe muuza vipuri vya magari, mifupa ya watoto umeijulia wapi?

Jumamosi alivivaa sebuleni, akaanguka. Kifundo cha mguu kimevimba, na daktari amemkataza kucheza miezi mitatu. Halii. Anautazama mguu tu.

Usipige simu kutoa pole, sitapokea.

Viatu vilifika bila tepe za kufungia. Nilizinunua Biashara Street, nikazishona mwenyewe, na alipoinuka juu ya vidole nilimpigia makofi.

Dadako,
Trizah