Goti Uliloliita Kudeka

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, upashe mwenyewe. Nimerudi kuchukua nguo za binti yako tu. Amelazwa.

Asubuhi ulimwambia, "Acha kudeka, vaa viatu," wala hukuinua macho kutoka kwenye simu uone goti lilivyovimba. Nimembeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari anashuku kinga ya mwili wake yenyewe ndiyo inayoshambulia viungo. Siyo uvivu, siyo baridi ya sakafu, bwana bingwa wa magonjwa yote!

Alipokuwa anatolewa damu akaniuliza, "Mama, baba ataniamini sasa?"

~~Usije.~~ Njoo saa kumi, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani. Ukifika usianze kuniomba radhi mimi. Anza na yeye.

Mama Watoto