Tangu Tuweke AC, Mlango Wetu Haufunguki

Jumapili, Bofu, Likoni. Jua la leo halina adabu hata kidogo. Naandika huku jasho linanichuruzika hadi viwikoni na, wallahi, sijali.

Nianze kwa kukiri. Ile AC niliing'ang'ania mimi. Mama, ambaye tunaishi naye hapa miaka mingi, alitoka hospitali mwezi uliopita. Moyo wake umechoka, na daktari akasema asikae penye joto. Nikaita fundi, akatufungia mashine sebuleni, akaacha sharti moja: mlango na madirisha yafungwe, la sivyo tutakuwa tunapoza Bofu nzima.

Nikafunga. Tena nikatia digrii kumi na sita, kisha nikamfunika Mama blanketi kwa sababu anatetemeka. Nicheke au nilie? Natumia stima kuleta baridi, halafu namkinga mamangu na baridi hiyohiyo. Wiki nzima sikuona kichekesho chake.

Kilichonitisha ni chakula. Mama alianza kuacha kula. Uji vijiko vitatu, basi, "nimeshiba mwanangu." Samaki wa kupaka anamtazama tu. Nikasema ni moyo. Nikasema ni dawa. Ukweli niliokuwa simwambii mtu ni kwamba nilimwona Mama anaondoka, na mimi nimekaa karibu naye.

Leo baada ya alasiri stima ikapotea, safu yetu yote. Kila nyumba hapa siku hizi ina mashine yake ukutani. Jumapili wote tuko ndani, wote tumewasha saa ileile, na transfoma nayo ikachoka.

Kwanza kimya. Sikujua mashine zile zina kelele kiasi gani hadi ziliponyamaza. Kisha nikasikia makomeo. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tano. Watu wakatoka na mikeka na viti, watoto vifua wazi. Nami nikafungua wetu.

Subhanallah. Watu wote hawa walikuwepo!

Mama Kevin wa nyumba ya pili, mtu wa bara, ambaye nyanya kwao ni shosho, akasimama kizingitini ameshika mdomo. "Kumbe shosho yuko! Si tulidhani mlimpeleka Msambweni?" Nyuma yake Bi Zuhura, shoga yake Mama tangu usichana, machozi yanamlengalenga. Mara tatu amefika mpaka kwenye ngazi, akakuta mlango umefungwa mchana kweupe, akarudi zake. Kwetu mlango wa mchana haufungwi ila wenyewe wamesafiri. Nami mzaliwa wa Likoni, nililisahauje hilo?

Mama akajiinua kitini bila kushikwa mkono.

"Zuhura weye! Nami nikadhani mumeshanizika."

Wakacheka hadi wakafutana machozi kwa leso. Wakakaa pale mlangoni, jasho linawatiririka, wanapepeana, wanasengenya watu ambao wengine walishakufa. Uso wa Mama ulikuwa na rangi ambayo sikuiona tangu atoke hospitali.

Stima ikarudi kabla ya magharibi. Mashine zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine, na milango ikafungwa, pa, pa, pa, hadi mwisho wa safu. Baada ya dakika chache tu nje hakukuwa na mtu, ila sisi. Nilishika rimoti nikashindwa kubonyeza.

Daktari hakukosea, joto laweza kumuua, na hofu hiyo ningali nayo. Basi nimeamua hivi: jua likiwa kali AC iwake, digrii ishirini na sita, bila blanketi. Kuanzia alasiri nazima, mlango wazi, anayekuja na aje.

Nikaiweka rimoti juu ya kabati. Bi Zuhura hakwenda kwake. Wali wa nazi ulipoiva nikawapakulia pamoja, nikajifanya nina shughuli jikoni ili nisimtazame Mama anavyokula. Mara nikasikia sahani inakwanguliwa, na sauti yake ile ya zamani, ya ukali, ikanifuata hukohuko:

"Wewe! Ukoko umempa nani?"