Sanduku ya Kaka na Namba ya Honorable

Jumapili, saa kumi. Mawingu yamelala juu ya Saio, mutaa wetu, tangu ibada, mvua inatisha tu lakini hainyeshi.

Niandike wazi: hapa Bunia hakuna mutu anashinda uchaguzi kama miye sijakubali. Uchaguzi ule mwingine nilikohoa tu katikati ya hotuba ya kandida mumoja, na avenue nzima ikamugeuzia mugongo. Hata mukubwa mumoja wa jimbo alisimamisha motokari yake siku moja kuniuliza hali ya wananchi. Wengine wanasema aliniuliza njia ya kwenda uwanja wa ndege. Ni watu wa wivu.

Kwa hiyo kwetu iko desturi. Kampanye ikifika mwisho, familia inakaa, miye nasema namba ya kandida, na siku ya kura kila mutu anafinya ile namba kwenye mashine. Hakuna mutu anaulizaka kwa nini.

Mwaka huu namba nilishaichagua tangu matanga ya kaka yangu.

Kaka alifia hapa kwangu, mbali na Bambu kwake. Vita ilimutoa kule pamoja na muke wake na watoto, wakaacha shamba ya maharagi kando ya mto, na hakurudi tena. Siku alipokufa hatukuwa na hata mbao moja. Halafu akatokea mutu tunamuita Honorable, ingawa hajachaguliwa bado hata mara moja. Alileta sanduku yenye vishikio vya kung'aa, akaleta muchele na sukari, akasema maneno matamu karibu ya maiti. Nani angemukatalia kusema? Wakati wa kampanye, hapa kwetu, matanga haikosi kandida.

Nililia. Na mu kichwa yangu nikamupa kura ya familia nzima palepale.

Tangu hapo nawaambia watu kwamba nilimuchunguza mupaka mifupa. Siku saba, nasemaka, kwa miguu, nikiuliza wafanyakazi wake, majirani, hata mbwa yake. Feza yake inatoka kwa kuuza ng'ombe, nikasema, feza safi.

Ukweli: nilikwenda mara moja tu, kwake, mutaa wa Bigo, siku walipochinja ng'ombe. Nilikula, nikasikiliza muziki, nikarudi.

Leo kisha ibada tukakaa. Nikasimama, nikasema namba. Nikangoja makofi.

Neema, mutoto wa kaka, anauza vitenge sokoni na hana maneno mengi. Hakunipinga. Akatoa telefone yake, akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake. Amani hii yetu, ile tunaikanyaga pole pole kama mutu anavuka daraja ya miti, imeshikilia wiki kadhaa, na mama yake anataka kurudi Bambu kupanda. Basi Neema alikuwa amepigia simu katekista mumoja aliyebaki kule, kuuliza tu shamba iko namna gani.

Shamba haiko. Iko mashimo. Pompo zinavuta maji ya mto, na watu wanaosha muchanga wa zahabu pale shemeji, mama ya Neema, alikuwa anavuna maharagi. Mwenye mashimo, mutu kule wanamuita PDG, ni kusema bosi mukubwa, ni Honorable wetu. Neema hakutosheka na mutu mumoja. Akamuuliza muuzaji wa mazutu, mafuta ya mashine, anayepelekea zile pompo. Jina ikawa ile ile. Akaomba foto. Kwenye kibanda ya pompo imebandikwa karatasi ya kampanye yenye uso wake, sawasawa na ile iko kwenye mulango yangu.

Na mashimo yalianza kabla ya matanga.

Nilijaribu. Nikasema labda ni adui ameibandika. Nikasema mutu aliyekuzikia ndugu hauwezi kumurudisha mikono mitupu, hata wafu watatucheka. Nilikuwa na mifano mingine mizuri, lakini shemeji, mujane wa kaka, aliinua uso toka kwenye telefone.

"Shemeji, asante ya sanduku nilimupa siku ile ile, mbele ya watu wote. Anataka asante ngapi?"

Halafu Neema, na sauti ya heshima kabisa:

"Baba mudogo, weye ulipofika kwake, ulimuuliza nini?"

Nikajibu kwamba iko maneno wanaume wanaongea ambayo hayatoki inje. Wote wakainamisha vichwa. Walijua. Wangecheka, ningepona.

Sasa wametoka, niko peke yangu na kahawa imepoa. Nafikiri hivi: siye tunapenda kusema kandida mwenye feza ni muzuri, hataiba, ameshiba. Hatuulizi alishibia wapi. Sanduku tuliibeba, tukasikia uzito yake mabegani. Shamba ilikuwa mbali, haikumulemea mutu. Labda tulizika kaka na feza iliyotoka mu udongo yake mwenyewe. Labda Honorable hakujua shamba ni ya nani.

Sijui. Na kwa kutojua huko nilitaka kura ya kila mutu wa nyumba hii.

Familia imekata shauri: safari hii hakuna namba ya familia. Neema ataandika majina ya kandida wengine wawili watatu, na kwa kila mumoja tutatafuta mutu anayemufanyia kazi na mutu anayeishi karibu naye, tuulize feza inatoka wapi, na alikuwa wapi wakati siye tulikimbia. Shemeji anataka kwenda kwa chifu wa kule kudai shamba, kabla mashimo hayajafika kwenye nyumba. Anahitaji shahidi wa mipaka. Ile miti ya mipaka niliipanda na kaka, na hii si hadithi. Nimesema nitakwenda naye barabara ikiwa tulivu. Kusimama mbele ya PDG kwenye shimo yake, sijui kama nitaweza.

Neema hakupata jibu. Acha niiandike hapa.

Siku ile Bigo, Honorable alinishika mukono, akasema, muzee, uliza swali yoyote. Watu wakageuka kunisikiliza.

Niliuliza kama kofia za kampanye zilibaki.

Zilikuwa zimeisha.